Chafya ya Cheptoo

Jumapili iliyopita kanisani, katikati ya maombi, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua kikopo cha ugoro. Alidhani sote tumefumba macho. Wengine walikuwa wamefumba kweli. Mimi tangu utotoni huomba jicho moja likiwa wazi, kwa sababu sijawahi kuwaamini watu wanaoomba kwa sauti kubwa. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akavuta polepole, akakaa akingoja. Harufu ikanifikia: ule ugoro wa mashambani, tumbaku kavu iliyosagwa na magadi, mkali wa kuwasha koo. Kisha akapiga chafya moja iliyomfanya mchungaji asahau alikuwa anamwombea nani. Vijana wa kwaya wakacheka wakiwa wameficha nyuso ndani ya vitabu vya nyimbo. Mimi machozi yakanitoka, na si tumbaku iliyonitoa machozi.

Ngoja niwaeleze, maana nyinyi si wageni kwangu.

Tulifika Chepseon nikiwa mtoto wa kama miaka tisa hivi, mimi, Baba, Mama na mdogo wangu Pasifiki, aliyekuwa bado anaongea na kuku. Tulitoka Kongo, upande wa Kivu, tukikimbia mambo ambayo wazazi wetu hawakuyataja mbele yetu na ambayo sisi tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Mtu mmoja wa kanisa alimwambia kwamba huku kwa wachuna chai kuna mageti mengi ya kuchomelewa na amani ya kutosha, basi tukaja. Tukapanga chumba kimoja na jiko la nje kwa Mama Wambui, mwanamke mnene mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka huko Murang'a zamani wakanunua shamba hapa. Alikuwa na mdomo mpana na moyo mpana kuliko mdomo. Siku ya kwanza alitupa blanketi, akatuambia, "Hii baridi ya hapa haina adabu. Inaingia hata kama umefunga mlango."

Kweli haikuwa na adabu. Kila alasiri mvua ilishuka kutoka upande wa msitu, mara nyingine na mawe, ikapiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa kupigiana kelele, hata kama tunaombana chumvi. Pasifiki alipoona mashamba ya chai mara ya kwanza, yote yamekatwa sawasawa, ya kijani hadi mwisho wa macho, aliuliza mfalme wa hapa anaishi wapi, kwa sababu bustani kubwa namna hiyo lazima iwe na mwenyewe. Baba alicheka siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Shuleni walitucheka sisi. Tulisema "mutoto" na "muzuri", tukasema "aksanti", na darasa zima likaanguka. Ati tunaongea Kiswahili cha redio mbovu. Mimi nilipigana na wawili, nikamaliza hamu yao. Pasifiki alichagua kunyamaza, akaendelea na kuku wake.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua alikuwa bibi mmoja Mkipsigis, mrefu, mkavu, masikio yametobolewa zamani hadi ndewe zinaning'inia. Kila mtu alimwita Kogo, maana yake nyanya. Sisi kwetu nyanya ni Koko, kwa hiyo tulimwita Koko siku ya kwanza naye akaitika bila taabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kogo hakungoja hata ya tatu. Siku ya pili alimletea Mama kikapu cha kubeba mgongoni, akampeleka shambani kwake, akamwonyesha jinsi ya kuchuna, majani mawili na chipukizi, usilete magogo, usilete majani makavu kama sahani. Jioni akatupa maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Pasifiki alionja, akayatema papo hapo mbele ya mwenyewe. Mama alitamani ardhi immeze. Kogo alicheka hadi akashika kiuno, akasema, "Wacha yeye. Atarudi."

Akarudi. Mwezi haukuisha, alikuwa anasimama penye ua wa Kogo na kikombe mkononi, anangoja.

Lakini Koko wetu, yule wa kweli, alibaki nyumbani. Huyo alikuwa mama yake Mama, na jina lake Nabintu. Tulipokimbia alikataa. Aliketi kwenye kigoda chake mbele ya migomba, akasema miguu yake haijui kukimbia na hana mpango wa kuifundisha uzeeni, nani atakamua ng'ombe. Mama alimsihi akilia. Koko akamjibu, "Weye nenda, unanipigia kelele." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kuagana. Lazima mjue kwamba Koko hakuwa mtu wa maneno matamu. Upendo wake ulikuwa ugomvi. Akikupa ndizi alikutukana kwanza. Mimi aliniambia maisha yangu yote, "Futa kamasi, unatia ukoo haya," huku ananifuta yeye mwenyewe kwa kitenge chake. Mdomo wangu huu mnaousikia niliurithi kwake.

Koko hakuwa na simu. Shemasi mmoja wa kijijini kwetu alikuwa nayo, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anampelekea. Huku kwetu mtandao ulikuwa haupatikani bondeni, mpaka upande juu, mwisho wa shamba la Kogo, pale penye mti mmoja mkubwa wa msitu uliobaki. Basi Jumapili tulipanda sote. Mama alishika simu kwa mikono miwili. Tulisikia sauti ya Koko ikitoka kwenye kile kidude, ikigomba: kwa nini simu inakatika, kwa nini Mama anakohoa, nani amekufa huko mpaka mnapiga simu. Mama alishuka kilima akicheka na kulia, wiki nzima akawa mzima.

Kisha Mama akawa mjamzito, na mimba ikamtesa. Miguu ilimvimba ikawa haiingii viatu. Daktari wa kliniki akasema asipande vilima, asibebe kikapu, akae. Akakaa. Kuanzia hapo Baba akawa anapanda peke yake Jumapili na kutuletea salamu.

Mwanzoni salamu zilikuwa za Koko kabisa. Baba alirudi akatuambia, "Anauliza kama mumekuwa wavivu." Au, "Anasema Pasifiki aache kuku, aoe." Tukacheka. Halafu ikaja Jumapili moja ya mvua, Baba alishuka viatu vikiwa vimejaa matope, hakuvivua mlangoni kama kawaida yake. Aliingia navyo hadi katikati ya chumba. Mama akamtazama viatu, akamtazama uso.

"Mama anasema nini?"

"Mtandao mbaya leo," Baba akasema. "Nimesikia kidogo tu. Anasalimia wote."

Akakataa kula. Akasema tumbo. Mama alimpikia uji wa tangawizi, akaunywa nusu, ile nusu nyingine akampa Pasifiki.

Baada ya siku hiyo salamu zikaongezeka. Baba, mtu ambaye kwa wiki nzima angesema maneno ya kujaza kijiko, alirudi Jumapili na habari ndefu. Koko anasema Mama apumzike, asihofu. Koko anasema anamwombea mtoto atakayezaliwa. Koko anatukumbuka kila asubuhi. Mama alikuwa anamngoja pale mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limetangulia, na alisikiliza yote hadi mwisho, kisha akasema "Aksanti," akarudi kuketi. Mimi nilifurahi. Nilidhani uzee umemlainisha Koko.

Jumapili moja Pasifiki alimfuata Baba kilimani bila ruhusa. Aliporudi aliniambia, "Baba hakuongea na mutu. Alikaa tu chini ya muti." Nikamfinya sikio kwa kusema uongo. Akalia, akaenda kwa Kogo kunywa maziwa.

Siku ya Cheptoo kuzaliwa mvua ilianza mapema, kabla hata ya saa sita. Uchungu ulimshika Mama akiwa anaosha vyombo, wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Baba akakimbia barabarani kutafuta pikipiki. Akampata kijana mmoja, lakini barabara ilikuwa imegeuka uji mtupu, pikipiki ikateleza ikalala ubavu pale pale kwenye geti. Yule kijana akasimama anaitazama, akasema, "Mzee, hapa hata mbuzi hapiti." Basi Mama Wambui akapiga kelele kuvuka ua, na Kogo akaja na wake wawili wa wanawe, wamejifunika gunia kichwani. Baba na Pasifiki wakafukuzwa nje. Kwao mwanaume hakai karibu na mambo hayo, na Kogo hakujali kwamba chumba kilikuwa kimoja na huko nje kunanyesha. Wakasimama chini ya paa la jikoni. Mimi niliachwa ndani kwa kazi ya kuchochea moto na kubeba maji.

Siwezi kuwaeleza yote, kwa sababu nilikuwa nimegeukia ukuta nimeziba masikio. Ninachojua ni kwamba mtoto alizaliwa mchana, na kwamba hakulia. Nilizibua masikio nikasikia mvua tu. Nikageuka. Kogo alikuwa amemshika, kitu kidogo cha rangi ya udongo, mkubwa kidogo kuliko mkono wake. Alikuwa anapumua, lakini kwa shida, pua inakoroma. Walimsugua mgongo, wakampangusa, wakamweka kifuani kwa Mama. Hakunyonya. Mdomo uliguswa na titi ukabaki vile vile. Mama akaniangalia mimi, na mimi sikuwa na cha kumpa. Jamani, sijawahi kusahau kuangaliwa namna ile na mtu mzima.

"Hajaitwa," Kogo akasema. "Lazima aitwe."

Mama hakuelewa. Kogo akaeleza huku ameshika kikopo chake cha ugoro. Kwao mtoto hazaliwi peke yake, anakuja na mtu wa ukoo aliyekwenda zamani, anayetaka kurudi. Wanawake hutaja majina ya hao waliokwenda, moja moja. Likifika la mwenyewe, mtoto anapiga chafya. Hapo amekubali kukaa. "Mchungaji asisikie," akaongeza mmoja wa wakaza mwana wake, na wote wakatabasamu kidogo, hata pale.

Mama Wambui akaona kazi ni rahisi. "Si muite jina la mama yake! Kwetu sisi mtoto anaitwa nyanya yake hata kama huyo nyanya amekaa hapo anakunywa chai."

"Hapana!" Kogo alisema kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. "Mtu hai haitwi. Ukiita mtu hai kwa hii kazi, unamuita kuja kabla ya siku yake. Tutaita wale wamelala."

Mama alikuwa amefumba macho. Alisikia. Nasema alisikia kwa sababu alitikisa kichwa kukubali.

Wakaanza na upande wa baba, ndivyo ilivyo desturi. Kogo akapaza sauti mlangoni, Baba akajibu kutoka jikoni, majina yakaingia yakipita katikati ya mvua. Nsimire, mama yake Baba. Kogo akaweka ugoro kidogo kwenye kidole, akausogeza karibu na pua ya mtoto, asimguse. "Nsimire! Ni wewe umekuja? Nsimire!" Wenzake wakaitikia. Kimya. Mapendo, shangazi yake Baba. Kimya. Wakataja hadi bibi wa bibi, ambaye Baba mwenyewe hakuwahi kumwona. Mtoto anakoroma tu, na sasa alikuwa anakoroma taratibu zaidi.

Wakahamia upande wa Mama. Mama akawapa majina yeye mwenyewe, sauti chini. Nankafu, bibi yake. Shangazi yake Faida, aliyefia njiani tukija. Dada yake mdogo aliyekufa utotoni. Kogo aliita kila mmoja vizuri, kwa heshima, na kila mmoja alikataa.

"Mwingine?" Kogo akauliza.

"Hakuna mwingine," Mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, naye hakuyafuta.

Kogo akasimama, magoti yakalia. Akatoka nje. Mimi nilikuwa na karai la maji machafu, nikatoka nyuma yake kwenda kumwaga. Baba alikuwa amesimama mahali pale pale, ameloa bega moja, Pasifiki amejishikilia kwenye suruali yake.

"Baba Zawadi," Kogo akamwambia, "hii mtoto inachoka. Kuna mtu wa kwenu amelala na hujasema?"

Baba akatazama mvua.

"Mficha uchi hazai," Kogo akasema, polepole sasa, kama anayemsemesha mtoto. "Sema tu. Mimi siulizi mambo mengine."

Baba akasema, kwa sauti ambayo ningeweza kuapa si yake: "Nabintu."

Kogo alimtazama kidogo. Akageuka, akaanza kurudi ndani.

Mimi nilibaki na karai mkononi. Nilijua Baba amekosea. Amechanganyikiwa, nilifikiri, kwa baridi na hofu. Nabintu ni Koko, na Koko yuko hai, Jumapili tu ametusalimu, amesema anatukumbuka kila asubuhi! Na Kogo amesema mtu hai haitwi, atakuja kabla ya siku yake. Nikatupa karai, nikamkimbilia. "Kogo, hapana! Huyo bado iko!" Nilipiga kelele, lakini mvua kwenye mabati ilipiga kelele kunishinda, naye alikuwa mwepesi kwa miguu yake mirefu ile. Nilipofika mlangoni alikuwa tayari ameinama.

"Nabintu! Nabintu, ni wewe umefika?"

Mtoto akapiga chafya.

Chafya ndogo kama ya paka. Kisha ya pili. Kisha kamasi zikatoka, akavuta pumzi, akafungua mdomo, akatoa kilio ambacho nina hakika kilisikika sokoni. Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele. Mama Wambui alikuwa anaruka na unene wake wote, anasema, "Ngai! Ngai wangu!" Wakamweka mtoto kwa titi, akalikamata kama mtu aliyekuwa na hasira nalo. "Nabintu amekubali," Kogo akasema. "Na kwa sababu ni mtoto wa wageni, sisi tutamuita Cheptoo."

Mama hakucheka. Mkono wake mmoja ulikuwa umemshika mtoto kichwa, ule mwingine ulikuwa hewani, umesimama pale ulipokuwa jina lilipotajwa. Ulikaa hewani muda mrefu. Halafu ukashuka juu ya blanketi. Hakuuliza nani amelitaja jina lile, wala kwa nini. Alimwangalia mtoto akinyonya, akasema kwa lugha ya nyumbani, lugha ambayo wale wengine hawakuijua, "Umechelewa, Mama. Barabara ilikuwa mbaya?"

Mimi nilijikunja pembeni ya moto. Kwa akili yangu ya mtoto, nilikuwa nimeshuhudia mauaji. Kogo amemwita Koko, Koko ameacha kigoda chake na ng'ombe wake, amekuja, na huko nyumbani sasa hivi ameanguka mbele ya migomba. Nilikuwa na mdomo unaopigana shuleni, na siku moja uliyohitajika haukutosha kupita mvua.

Wanawake walikunywa chai, wakafurahi, wakaondoka ng'ombe wakirudi nyumbani. Kogo alikuwa wa mwisho. Aliinama akamwambia Mama sikioni, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Nimeelewa. Pole. Lakini usilie sana, maziwa itaharibika. Kaa kwanza." Akamshika mguu ule uliovimba, akaenda zake. Baba ndipo akaingia. Akasimama katikati ya chumba, maji yanamchuruzika, hakujua aweke wapi mikono.

"Zile salamu," Mama akasema bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Zilikuwa za nani?"

"Zangu," Baba akajibu.

Nilishangaa wanazungumzia nini saa kama hiyo. Baba aliketi sakafuni kando ya kitanda, nguo zote mbichi, akaegemeza kichwa kwenye godoro karibu na miguu ya Mama. Mama hakumgusa, wala hakumfukuza.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuweza kuitaja. Kwetu mtu akifa watu hujaa uani, wanalala, wanapika, wanalia kwa zamu hadi machozi yakauke. Sisi uani petu walijaa watu kweli, lakini walikuja na maziwa, na ndizi, na kitambaa cha kumbebea mtoto, wakasema hongera. "Hongera Mama Cheptoo!" Mama akapokea. Akatabasamu, akamfunua mtoto wamwone. Akienda chooni alikaa sana. Baba alijaribu kumfanyia kila kitu, akafua nguo za mtoto mwenyewe huku wanaume wa jirani wanamcheka waziwazi, lakini hakuna kazi ya mikono iliyofika pale palipouma. Mimi nilichota maji bila kutumwa, mapipa yakajaa yakamwagika. Hakuna aliyekuwa amekosana na mwingine. Tulikuwa tu hatuna la kufanya, kila mtu kwa upande wake, ndani ya chumba kimoja.

Kogo nilimnunia nusu mwaka. Hata maziwa yake nilikataa. Hakuniuliza sababu. Alikuwa ananiwekea kikombe juu ya kigingi cha ua, nami nilikuwa nakiacha hapo mpaka Pasifiki akinywe.

Nilikuwa tayari msichana wa sekondari Baba aliponiambia. Tulikuwa karakanani kwake, anachomelea dirisha, akaniambia bila kuniangalia, macho yake yako nyuma ya ile miwani nyeusi. Koko alikufa kwa homa, miezi kabla ya Cheptoo. Shemasi alimpa habari ile Jumapili ya matope. Daktari alikuwa ameonya kwamba mshtuko wowote ungeweza kumwondoa mtoto, na labda mama pia. "Nikasema nitangoja azae," Baba akasema. "Nikapanda kila Jumapili. Nilikuwa nakaa pale nafikiria Koko angesema nini. Mimi sijui kugomba, Zawadi. Kila nikijaribu, yanatoka maneno mazuri." Siku hiyo nilimsamehe Kogo, aliyekuwa amekwisha kuzikwa, na nikaanza kumhurumia Mama. Nilimwona kama mtu aliyedanganywa kwa mapenzi, halafu akaambiwa ukweli na pua ya mtoto mchanga.

Nikaishi na huruma hiyo hadi mwaka jana. Sasa mimi ni mwalimu karibu na Kabianga, Cheptoo yuko kidato cha tatu na mdomo wake, niamini, ni wa Nabintu mtupu. Nilimtembelea Mama likizo, tukaketi jikoni tunachambua mboga, nikamwuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu. Nilimwuliza kama alimkasirikia Baba kwa kumficha.

"Kunificha nini?" akasema. "Mama yangu kunitumia neno 'usihofu'? Mama yangu mimi? Jumapili ya kwanza tu nilishajua kuna kitu."

Kisu kilinisimama mkononi. "Ulijua?"

"Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Sasa mbona hukumuuliza Baba?"

Alichagua jani bovu, akalitupa. "Ningemuuliza, angeniambia," akasema. "Na mimi nilikuwa bado nataka kuwa na mama, hata kama ni baba yako ndiye anaongea."

Tukaendelea na mboga. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka Mama upande mmoja na uongo upande mwingine. Kumbe kila Jumapili, na miguu ile iliyovimba, alijikokota hadi mlangoni kumngoja Baba aje amdanganye tena. Na Baba, mtu asiye na maneno, alikaa juu huko peke yake kwenye baridi akitafuta maneno ya kumletea, akayapata, na yote yakawa matamu kupita kiasi.